Mistari Miwili Kabla ya F1

Mzee alikuja saa nne na nusu asubuhi, akiwa na bahasha ya kaki aliyoishika kwa mikono miwili. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi la wateja na kusubiri mpaka nilipomaliza kumtolea mwanafunzi mmoja fotokopi za vyeti vyake. Kisha akaitoa karatasi, akaikunjua juu ya meza yangu, na kuweka kidole chini kabisa, pale penye tarehe.

"Mwanangu, hapa pameandikwa kwamba nilinunua kiwanja tarehe 1 Januari 2009. Mwaka huo huyu aliyeniuzia alikuwa hajakinunua hata yeye."

Hati ile niliichapa mimi, wiki mbili kabla ya siku hiyo. Muuzaji alikuwa ameweka sahihi, mnunuzi ameweka dole gumba, mashahidi wanne wameandika majina yao, na mmoja wa mashahidi hao alikuwa amesafiri kutoka kijijini kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Ofisi alikoipeleka hati iliisoma, ikaona tarehe, ikamrudishia. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu kama karatasi inaweza kufutwa pale chini ikaandikwa upya, nami nikalazimika kumweleza kwamba hati ya mauziano haifutwi kwa namna hiyo, kwamba itabidi watu wote sita wakutane tena.

Aliitazama kompyuta yangu kwa muda, kisha akanitazama mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa aliyeandika ile tarehe.

Tabia za mashine

Wenzangu wenye steshenari wanaijua aina ya mashine ninayoitumia: kompyuta ya mezani ya mtumba, ile ya kulala, nyembamba, iliyokwisha kutumika katika ofisi za Marekani kabla ya kupakiwa kwenye kontena. Ninayo kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Imechapa barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, ratiba za mazishi, mihtasari ya vikao vya vikoba na mikataba ya kupangisha vyumba kwa idadi nisiyoweza kuikumbuka.

Ina tabia zake, na tabia hizo nilizijifunza moja baada ya nyingine, kama mtu anavyojifunza njia ya kupita kwenye nyumba yenye giza. Kitufe cha kuwashia kinataka kubonyezwa kwa kidole gumba, upande wa kushoto kidogo. Kibodi ni ya zile zenye plagi ya duara, na ukiichomeka baada ya mashine kuwaka haitambuliwi mpaka uzime na kuwasha upya. Matundu mawili ya mbele ya kuchomeka flashi, moja halifanyi kazi. Kumbukumbu niliyoongezewa na fundi ni gigabaiti 4, lakini mashine inaonyesha 3 na ushee tu, kwa sababu programu endeshi yake ya biti 32 haiwezi kuhesabu anwani za kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo inachukuliwa na vifaa vingine vya ndani.

Nyuma yake kuna swichi ndogo nyekundu. Hiyo ndiyo tabia ya kwanza niliyoambiwa, na ndiyo pekee niliyoambiwa kwa ukali. Upande mmoja imeandikwa 115, upande wa pili 230, na mashine zinazotoka Marekani huja zikiwa kwenye 115, kwa sababu huko umeme wa majumbani na maofisini ni wa volti takriban 120. Ukiichomeka hapa kwetu bila kuisogeza swichi hiyo, pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, huungua mara moja, kwa mlio. Fundi aliyeniuzia aliisogeza kwa ncha ya bisibisi, kisha akaibandika gundi ya karatasi juu yake ili mtu asije akairudisha. Gundi hiyo ipo mpaka leo, imegeuka rangi ya chai.

Nazitaja tabia hizi kwa sababu nilikuwa nikijivunia kuzijua. Mtu mwingine akikaa kwenye kiti changu, kazi husimama ndani ya dakika kumi. Mimi nikikaa, mashine inakwenda. Nilidhani kwamba huko ndiko kuijua mashine.

Mistari miwili

Miezi kadhaa kabla ya kuja kwa mzee, tabia mpya iliongezeka. Nilipowasha asubuhi, mashine ililia mara moja kama kawaida, kisha ikasimama kwenye kioo cheusi chenye mistari miwili ya Kiingereza, na chini yake ombi la kubonyeza F1 ili iendelee.

Mstari wa kwanza ulisema kwamba imeshindwa kufikia kiendeshi cha flopi, zile diski laini za zamani. Nilishangaa, kwa sababu mashine hii haina sehemu ya flopi, na tangu niwe nayo haijawahi kuwa nayo. Nilimpigia simu kijana mmoja anayeelewa mambo haya, nikamsomea mstari huo, akaniambia: "Dada, hiyo puuza tu, bonyeza F1."

Alikuwa sahihi kwa mstari alioulizwa.

Sikumsomea mstari wa pili. Ulikuwa chini ya ule wa kwanza, kwa herufi zilezile, kwa urefu uleule, na ulisema kwamba saa ya mashine haijawekwa. Nilibonyeza F1, mashine ikaendelea, na kuanzia hapo sikuisoma tena ile mistari. Niliingia, nikaona kwenye pembe ya kioo kwamba tarehe ni 1 Januari 2009, nikairekebisha kwa mkono, nikaanza kazi. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya wiki mbili, kubonyeza F1 na kurekebisha tarehe vilikuwa sehemu ya kufungua duka, sawa na kufagia kizingiti na kutoa nje kibao cha bei.

Siku nilipochapa hati ya mzee, umeme ulikatika saa saba mchana na kurudi baada ya nusu saa. UPS yangu, kile kifaa cha betri cha kushikilia mashine umeme ukikatika, ilikuwa imekwisha nguvu zamani. Palikuwa na watu saba kwenye foleni. Niliwasha, nikabonyeza F1, nikafungua hati ambayo nilikuwa nimeihifadhi nusu, nikaimalizia, nikaitoa kwenye printa. Kurekebisha tarehe nilikuwa nimekuzoea kama jambo la asubuhi, na ile haikuwa asubuhi. Kiolezo ninachotumia kwa mikataba kinaweka tarehe chenyewe, kikiichukua kutoka kwenye saa ya mashine, nami nilikiweka hivyo kwa makusudi miaka mingi iliyopita, baada ya kuona kwamba wakati mwingine nilikuwa nikisahau kubadilisha tarehe ya mkataba wa jana.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na nimeusikia msemo huo tangu utotoni ukitumiwa kwa watu waliozoeana kupita kiasi. Sikuwahi kufikiria kwamba unaweza kunihusu mimi na kioo cheusi. Lakini nikiyarudia mambo yale kwa utaratibu, naona kwamba kosa halikuanza siku ya foleni. Lilianza siku niliyofundishwa, kwa nia njema kabisa, kwamba kioo kile kinasema uongo. Mstari mmoja ulikuwa wa uongo na mmoja ulikuwa wa kweli, na mashine iliiandika yote miwili kwa sauti moja. Mtu aliyeambiwa apuuze wa kwanza angewezaje kujua kwamba wa pili haukuwa wa kupuuzwa?

Angeweza kuusoma. Jibu hilo nalo nimelifikiria sana, na silikwepi.

Swichi ya ukutani

Fundi alipoifungua mashine, sikuamini urahisi wake. Hakutumia bisibisi. Alivuta kishikio kimoja, kifuniko kikanyanyuka, na ndani, chini ya vumbi jekundu la barabara yetu, kulikuwa na betri ya duara inayong'aa, mfano wa sarafu. Aliisukuma kilimi cha chuma kwa ukucha, betri ikaruka juu yenyewe. Ilikuwa ya aina ya CR2032, ambayo namba yake ni vipimo vyake: upana wa milimita 20, unene wa milimita 3.2. Bei ya mpya ilikuwa kama ya soda mbili.

Alinieleza kwamba betri hiyo ina kazi mbili. Inaiendesha saa wakati mashine haina umeme, na katika mashine za umri huu inalinda mipangilio ya msingi iliyohifadhiwa humo. Betri ikifa na umeme ukakatwa, vyote viwili hupotea, na mashine hurudi kwenye mambo iliyozaliwa nayo: tarehe ya kiwandani, na imani kwamba ina sehemu ya flopi, kwa sababu siku ilipotengenezwa walioiandaa waliona ni salama zaidi kudhani hivyo. Yaani ile mistari miwili, wa kweli na wa uongo, ilikuwa na chanzo kimoja. Flopi isiyokuwepo ilikuwa dalili ya betri iliyokufa. Nilipoambiwa nipuuze, niliambiwa nipuuze dalili.

Kisha akaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani kuliko yote.

"Dada, usiku unaizima ukutani?"

Naam, naizima ukutani. Nani asiyezima? Soketi zetu ni za mtindo wa Kiingereza, kila moja ina swichi yake, na tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba kifaa kikiachwa kwenye umeme usiku kinaweza kuungua pale umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Kuzima ukutani ni adabu ya nyumba, kama kufunika chungu cha maji.

Fundi alisema kwamba mashine hizi, hata zikiwa zimezimwa, huchukua umeme kidogo kutoka ukutani, na umeme huo ndio unaoiendesha saa na kuipumzisha betri. Mashine iliyoachwa kwenye soketi mwaka mzima karibu haiigusi betri yake. Huko ilikotoka, soketi za kawaida hazina swichi, na kompyuta ya ofisi huchomekwa siku ya kwanza na kuchomolewa siku inapotupwa. Hapa kwangu, kila usiku, kila Jumapili, kila sikukuu, betri ile ndogo ilikuwa ikiibeba saa peke yake. Uangalifu wangu ndio uliokuwa ukiimaliza.

Sikuacha kuzima ukutani. Nililifikiria jambo hilo kwa siku kadhaa, nikapima betri ya bei ya soda mbili dhidi ya pawa saplai yenye umbo la pekee ambalo halipatikani kwenye duka lolote la hapa mjini, nikaona kwamba ni afadhali kununua betri. Lakini sasa naizima nikijua nani analipa.

Saa iliyokuwa ikiuliza

Katika wiki zile nilisoma kuhusu saa za kompyuta zaidi ya nilivyotarajia. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo mashine nyingi za mezani tunazozitumia zimetokana na ukoo wake, haikuwa na saa ya betri ndani yake. Ulipoiwasha na diski ya programu endeshi yake, DOS, ilikuuliza leo ni tarehe ngapi, kisha ikakuuliza sasa ni saa ngapi, nawe ukaandika. Ilipofika mwaka 1984, IBM ilipotoa modeli ya AT, saa yenye betri iliwekwa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, na polepole mashine za ukoo huo zikaacha kuuliza.

Niliposoma hivyo mara ya kwanza, niliiona mashine ya 1981 kuwa na uadilifu zaidi. Haikujua tarehe, ikasema haijui. Yangu haikujua tarehe, ikaandika 1 Januari 2009 kwenye hati ya kiwanja bila kusita. Kwa siku mbili tatu niliamini kwamba nimepata jibu: kosa ni la waliofundisha mashine kunyamaza.

Kisha nikasoma kwamba watu wengi waliokuwa na mashine zile za zamani walichoka kuulizwa, wakawa wanabonyeza kitufe cha kuingiza bila kuandika kitu, na mashine ikaendelea kwa tarehe yake ya mwanzo. Tarehe hiyo ilikuwa 1 Januari 1980. Mafaili yaliyohifadhiwa siku hizo yalibaki na tarehe ambayo hata mashine yenyewe ilikuwa haijatengenezwa.

Kidole chao na kidole changu vilifanya jambo lilelile, kwa miongo kadhaa na bahari katikati.

Ndipo nilipoacha kutafuta wa kulaumiwa kwa upande mmoja. Mashine ikiuliza kila siku, swali linageuka kuwa mlango wa kusukuma. Mashine isipouliza, hakuna anayejua kwamba imepotea. Saa ile yenyewe haina hatia: ndani yake kuna kipande cha fuwele, cha jinsi ileile iliyomo kwenye saa za mkononi, kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na mitetemo hiyo ikigawanywa kwa mbili mara kumi na tano inabaki mmoja, na huo mmoja ndio sekunde. Usiku kucha kilikuwa kikihesabu kwa uaminifu mpaka nguvu ilipokiishia. Kilipopata umeme asubuhi kilianza tena kuhesabu, kwa uaminifu uleule, kutoka mahali pasipo sahihi.

Herufi A

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu sipendi kusema kwamba kuzoea ni kubaya. Kuzoea kumenilisha.

Kibodi yangu imepangwa kwa mpangilio wa mashine ya kuchapa iliyotokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, iliyoanza kuuzwa mwaka 1874, ikiwa imeandaliwa kwa ajili ya Kiingereza. Katika mpangilio huo herufi A imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko karibu vyote. Kiswahili hakina herufi kinachoitumia kuliko A. Andika "anayatamani maandalizi ya mahafali" uone kidole hicho kinavyofanya kazi. Kwenye kibodi yangu, A imefutika kabisa, imebaki kidimbwi cheusi kinachong'aa. K na I zimefifia. Q na X zinaonekana kama zimetoka kiwandani jana.

Hakuna aliyenipangia mzigo huo kwa kunijua. Mwili wangu uliupokea, kidole kikakomaa, na leo nachapa bila kutazama. Vivyo hivyo mashine ikiandika 08:00, mimi nasoma saa mbili asubuhi, na kwa mteja naandika saa 2:00 asubuhi. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi kuanzia mapambazuko, na kazi ya kutoa sita naifanya bila kujua kwamba naifanya. Nikiondolewa mazoea hayo, siwezi kufungua duka.

Kwa hiyo swali lililobaki kunisumbua lilikuwa gumu zaidi kuliko nilivyodhani mwanzoni. Kidole kidogo kinachokwenda kwenye A na kidole cha shahada kinachokwenda kwenye F1 vilijifunza kwa njia moja. Kwa ndani vinafanana kabisa. Cha kwanza kinanisaidia kusema ninachotaka kusema, cha pili kilikuwa kikinizuia kusikia ninachoambiwa, nami sikuwa na namna ya kuvitofautisha kwa hisia peke yake.

Wapo wanaonishauri ninunue kompyuta mpakato na kuachana na mambo haya. Nimelipima shauri hilo kwa uzito wake. Lakini mashine ninayoweza kuifungua kwa kuvuta kishikio, nikabadilisha saa yake kwa ukucha, ni mashine ambayo bado inanipa nafasi ya kuelewa kilichonipata. Nyingi za zile nyembamba nilizoonyeshwa zimebandikwa na kuchomelewa ndani kiasi kwamba fundi wa hapa mtaani huzirudisha kwa mwenyewe bila kuzigusa. Sitaki tabia mpya nisizoweza kuziona.

Hati ya pili

Watu sita walikutana tena Jumamosi. Nauli ya shahidi kutoka kijijini niliilipa mimi, na mzee alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Tarehe niliiandika kwa mkono kwenye kibodi, tarakimu moja moja, nikaitoa karatasi, nikampa mzee aisome kabla ya mtu yeyote hajaweka sahihi. Aliisoma kwa sauti. Muuzaji naye akaisoma. Kisha shahidi mmoja akatoa simu yake mfukoni akalinganisha, na hakuna aliyemwona kuwa ana dharau.

Siku iliyofuata, mashine ikiwa na betri mpya, niliiwasha. Ikalia mara moja, ikapita moja kwa moja mpaka ndani, bila kioo cheusi, bila mistari. Kidole changu kilikuwa tayari kimeibonyeza F1.

Kiliendelea kufanya hivyo kwa siku tisa. Nilizihesabu.

Sasa ninaye binti anayenisaidia siku za mchana, na nimeamua kumwandikia tabia zote za mashine kwenye karatasi ya kubandika ukutani, ili asizirithi kwa vidole kama nilivyozirithi mimi. Kitufe cha kuwashia, kibodi ya plagi ya duara, tundu la flashi lisilofanya kazi, swichi nyekundu isiyoguswa, tarehe ya kutazamwa kila umeme unaporudi. Nilipofika kwenye ujumbe ambao printa hutoa kila inapowashwa, ule wa rangi ya njano unaokaa sekunde tatu na kuondoka, niliandika kwamba akiuona abonyeze SAWA.

Binti aliisoma karatasi yote, akarudi kwenye mstari huo, akauliza:

"Dada, huu wa njano unasemaje?"

Nilifungua mdomo kumjibu, nikafunga. Nilikwenda nyuma ya meza, nikaizima printa, nikaiwasha upya, nasi sote wawili tukainama mbele ya kioo kuusubiri.